Umeniuliza Hola kuna nini

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, ati tangu upate kazi Hola hujaona kitu zaidi ya joto na bodaboda, sasa unauliza kamji kama hako kalikuwaje makao makuu ya kaunti ya Tana River nzima. Hapa Umoja stima imepotea kwa hivyo nina wakati wa kukuandikia.

Wapokomo wamelima kando ya mto Tana tangu zamani na Waorma wakileta ng'ombe kunywa, lakini Hola yenyewe ilianza kujulikana miaka ya 50, mkoloni alipoweka hapo kambi ya kufungia watu wa Mau Mau, wale waliompigania ardhi na uhuru, na skimu ya kumwagilia mashamba, na wafungwa ndio wakawa wa kuchimba. Mbali na Nairobi, jua kali, mbu, hata ukitoroka utaenda wapi?

Sasa kulikuwa na wale sugu, waliokataa kukiri kwamba walikula kiapo cha Mau Mau na kukataa kazi. Wakubwa wakapanga watolewe kwa nguvu wakalime, na tarehe 3 Machi 1959 askari wakawashukia na marungu, watu 11 wakafa na wengine wengi wakaumizwa vibaya. Halafu sikia serikali ikasema nini: ati wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Maiti zilipopasuliwa ikaonekana wazi ni kipigo, na Julai mwaka huo huo kwenye bunge la Uingereza Enoch Powell, mtu wa chama tawala chenyewe, akasimama akaikosoa serikali yake, na huyo hakuwa rafiki wa Mwafrika hata kidogo. Aibu ilikuwa kubwa mpaka jina la mji likabadilishwa likawa Galole, baadaye likarudi Hola, lakini Galole utalisikia bado kwa jina la eneo bunge.

Skimu nayo iliendelea baada ya uhuru, pamba na mahindi, watu wakaletwa wakapewa mashamba, mpaka 1989 Tana ikahama njia yake, pampu zikabaki hazina maji na kazi ikafa kwa miaka mingi. Makao makuu ya wilaya yalikuwa hapo tayari, kwa hivyo kaunti zilipoanza 2013 wakaendelea tu nayo.

Jumamosi usilale, tafuta mzee wa Kipokomo akuonyeshe mto ulipokuwa unapita zamani, na unywe maji mengi.

Babako