Demani kwanza, hoteli baadaye: maswali yenu kuhusu visiwa vya Karibiani

Tangu niliposimulia safari yangu ya mwezi mmoja Karibiani, nikihama kisiwa hiki kwenda kile, nimeletewa maswali mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: tulale wapi? Nimechagua manane. Baadhi nimeyafupisha, ila sijabadilisha maana.

Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tuna siku 12 kutoka Dar. Tunataka Barbados, Saint Lucia, Saint Vincent, Bequia na Grenada. Tuweke nafasi hoteli tano? – Msomaji, Dar es Salaam

Marahaba, mdogo wangu. Punguzeni. Kwenye ramani visiwa hivyo vimepangana kama shanga, na macho yanadanganyika. Kila mnapohama, siku inaliwa: asubuhi mnarudisha chumba, mnatafuta teksi, mnasubiri uwanjani kwa ajili ya ndege ya nusu saa, mnapanga foleni ya uhamiaji kwa sababu visiwa hivyo, ukiacha Bequia iliyo chini ya Saint Vincent, kila kimoja ni nchi yake, kisha mnafika na chumba hakijawa tayari. Na kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja. Mtapitia Ulaya au Marekani, kwa hiyo zile siku 12 zitabaki usiku tisa, au chini ya hapo.

Laleni mahali pawili. Ningekuwa mimi, ningelala Barbados usiku miwili, kwa kuwa ndege kubwa zinatua pale na mwili unahitaji kupumzika. Kisha ningeruka hadi Saint Vincent na siku hiyohiyo kupanda feri Kingstown kwenda Bequia, mwendo wa kama saa moja, nikatulia huko usiku sita. Chukueni chumba karibu na Port Elizabeth, mji mdogo mbele ya ghuba ya Admiralty. Feri inafunga gati hapo, maduka yapo hapo, na kuna njia ya miguu kandokando ya maji inayoelekea ufukwe wa Princess Margaret. Watu wa Bequia wameunda mashua za mbao kwa vizazi vingi, na aliyekulia Lamu au Nungwi ataona mambo anayoyajua. Kutoka hapo boti za siku moja huenda Tobago Cays, visiwa vitupu visivyo na mkazi wala hoteli, mahali unapoogelea na kasa. Mtakuwa mmeviona visiwa kadhaa huku mabegi yamekaa chumba kimoja.

Usiku wa mwisho rudini mlale Barbados. Hili nalisisitiza: kama tiketi ya ndege ndogo na ya ndege kubwa zimekatwa mbalimbali, msizipange siku moja. Ndege za kati ya visiwa hubadilishwa saa mara nyingi, na ile kubwa haitawasubiri.

Nimeona nyumba nzuri Bathsheba, Barbados, kwa nusu ya bei ya Holetown. Kuna nini hapo? – Kaka wa Tanga

Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, kwa sababu mtu wa pwani jibu unalo tayari. Kuna upande wa joshini, unaopigwa na upepo, na upande wa demani, uliokingwa na upepo.

Kwetu upepo hugeuka: kusi likiisha, kaskazi inaingia, na ufukwe uliochafuka Julai hutulia Januari. Karibiani haugeuki hivyo. Pepo hutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo mashariki ya kisiwa ni joshini daima na magharibi ni demani daima. Bathsheba iko mashariki. Mawimbi yanayofika pale yametembea Atlantiki nzima bila kukutana na ardhi. Watu wa ubao wa mawimbi wanapapenda kuliko popote kisiwani, na mandhari yake, yale majabali makubwa yaliyosimama majini, sijaona mfano wake. Ila kuogelea ni hatari, mkondo unavuta. Holetown iko demani, maji yake yametulia kama ya birikani. Tofauti ya bei inatoka hapo.

Kuna na mwani. Si ule wa Paje unaolimwa kwa kamba. Ni mwani wa rangi ya kahawia unaoelea, ambao tangu 2011 umekuwa ukifika kwa wingi mkubwa visiwani humo, hasa pande za joshini. Ukirundikana na kuoza hutoa harufu ya yai bovu. Kuna majuma haupo kabisa na majuma umefunika mchanga. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye nyumba picha ya ufukwe iliyopigwa wiki hiyo. Mwenye nia njema atatuma.

Kama fedha ni za kuhesabu, lala pwani ya kusini: Worthing, au karibu na St Lawrence Gap, au Oistins, ambako Ijumaa usiku watu hukusanyika kula samaki wa kuchoma. Si shwari kama Holetown, lakini kunaogeleka. Mabasi ni ya nauli moja, dola 3.50 za Barbados, uende karibu uende mbali. Na fukwe zote za Barbados ni za umma. Unalala kusini kwa bei ya kawaida, asubuhi unapanda basi unaoga Holetown mbele ya hoteli za matajiri, wala hakuna wa kukufukuza. Bathsheba nenda siku moja, ule chakula cha mchana, urudi.

Saint Lucia: Rodney Bay au Soufrière? – Msomaji, Kigali

Kwanza tazama tiketi yako inatua wapi. Saint Lucia ina viwanja viwili. Hewanorra uko Vieux Fort, kusini kabisa, na ndege za mbali hutua huko. George F. L. Charles uko Castries, kaskazini, wa ndege ndogo. Mimi sikutazama. Nilikodi nyumba kaskazini, nikatua kusini jioni, nikakaa garini saa moja na nusu kwenye njia ya milima na kona gizani, kwa nauli iliyozidi bei ya chumba changu cha usiku ule. Mwenye nyumba alijua ninatua wapi na hakunionya.

Rodney Bay ni tambarare, ina ufukwe mrefu wa Reduit, maduka, na mabasi madogo ya kwenda Castries. Soufrière ni mji wa zamani chini ya Pitons, vile vilima viwili vilivyochongoka vilivyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004. Ukilala Soufrière unaamka navyo dirishani, na kuna maji ya moto ya volkano ya kuoga. Kwa mtu anayehamahama, nasema Soufrière usiku mitatu. Rodney Bay inafaa kama safari yako inaendelea kwa feri, kwa sababu feri ya kwenda Martinique, Dominica na Guadeloupe huondokea Castries. Haiondoki kila siku. Pata ratiba yake kabla ya kulipia chumba popote.

Sisi ni Waislamu, tunataka chakula halali bila kuhangaika kila siku. – Msomaji, Muscat

Anzieni Trinidad. Wafanyakazi wa mikataba kutoka India walianza kufika 1845, wengi wao Wahindu na baadhi Waislamu, na vizazi vyao viko hapo hadi leo, na misikiti yao na mikahawa yao. Laleni Port of Spain, au upande wa St Joseph, mlipo msikiti wa Jinnah Memorial. Asubuhi kuleni doubles, maandazi bapa mawili yaliyojazwa dengu za mchuzi, vinauzwa barabarani. Roti mnaijua. Kisha pandeni feri kwenda Tobago kwa ajili ya bahari, mlale Crown Point, ambako mnaweza kutembea kwa miguu kutoka uwanja wa ndege hadi ufukweni.

Visiwa vingine chukueni nyumba yenye jiko. Samaki wapo, na mtakuta kitu kitakachowafurahisha: shelisheli. Lilipelekwa Saint Vincent mwaka 1793 ili liwe chakula rahisi cha watumwa kwenye mashamba ya miwa, na leo ndicho chakula cha fahari cha watu wa huko, shelisheli la kuchoma na samaki. Grenada wanalipika kwa nazi na bizari, jinsi bibi yangu wa Pemba angeweza kulipika, ila sufuriani mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe ya chumvi. Ulizeni kabla ya kupakuliwa.

Nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Kuna hoteli unalipa mara moja, chakula na vinywaji humohumo. Si ndiyo rahisi zaidi? – Mama Watatu, Leicester

Ni rahisi kama mnakaa palepale. Lakini nyie mnataka kuona visiwa, na kila siku mtakayotoka mtakuwa mmelipia chakula ambacho hamkukila, kisha mnanunua kingine njiani. Hesabu hiyo kwa familia nzima inauma.

Chukua nyumba ya vyumba viwili Grand Anse, Grenada. Ufukwe una urefu wa karibu kilomita tatu, uko upande wa demani, mchanga unashuka polepole, na mabasi madogo ya kwenda mji wa St George's yanapita kila mara. Hapo mjini ndipo feri ya Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada, hufunga gati, safari ya kama saa mbili. Wapeleke watoto kwa usiku miwili, mabegi mengine yabaki Grand Anse kama mwenye nyumba anakubali. Njia hiyo hupata mawimbi makali, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu wape kabla ya kupanda. Na wapeleke waone kungumanga inavyokaushwa. Grenada imeichora kwenye bendera yake.

Septemba bei zimeshuka sana. Nichangamkie? – Msomaji, Nairobi

Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Ndiyo sababu ya bei hiyo. Mwaka 2017 Irma iliharibu Barbuda na Saint Martin, na majuma mawili baadaye Maria ikaipiga Dominica. Na usidhani hatari huanza Agosti: Beryl ilifika Carriacou na Union Island tarehe 1 Julai 2024, ikaacha nyumba chache sana zenye paa. Watu hao wamekuwa wakijenga upya, na ninawaombea wageni warudi kwao. Ila waende Februari, wasiende Septemba.

Kama likizo yako ni Septemba tu, nenda Aruba, Bonaire au Curaçao, visiwa vilivyo kusini karibu na Venezuela, ambavyo vimbunga huvifikia kwa nadra. Trinidad na Tobago nayo iko kusini. Popote uendapo miezi hiyo, usilipe chumba kisichorudisha fedha. Punguzo la asilimia kumi halitoshi kununua hatari hiyo.

Nina viza ya Schengen. Nalala Saint Martin upande wa Ufaransa, kisha nazunguka Guadeloupe na Martinique, sivyo? – Msomaji, Arusha

Hapana, simama hapo kwanza. Maeneo hayo ni ya Ufaransa lakini hayamo Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya kawaida ya Schengen peke yake haikuingizi. Unapoomba ubalozini, taja kwamba unakwenda maeneo ya ng'ambo, ili viza yenyewe iandikwe hivyo. Puerto Rico na visiwa vya Virgin vya Marekani vinataka viza ya Marekani. Nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola, Barbados ikiwemo, zinawapokea Watanzania na Wakenya bila viza, na ndiyo sababu napenda kuanzia huko. Lakini uliza ubalozi juu ya viza ya kupitia pia, kwa sababu uwanja wa Ulaya unaobadilishia ndege unaweza kuidai. Chukua na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana visiwa vingi huiulizia kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo.

Viza ikikubali, Saint Martin ni kituo kizuri. Kisiwa kimegawanywa kati ya Ufaransa na Uholanzi tangu 1648, na unavuka mpaka wa barabarani bila kusimamishwa. Ningelala Grand Case au Marigot. Kutoka Marigot boti hukufikisha Anguilla chini ya nusu saa, na Anguilla hoteli ni ghali mno, kwa hiyo nenda asubuhi urudi jioni. Anguilla ni ya Uingereza, ina masharti yake ya kuingia. Yaulize mapema.

Tangazo linasema "dakika tano kwa miguu hadi ufukweni." Naweza kuamini? – Msomaji, Kampala

Dakika tano za kushuka, pengine. Saint Lucia, Saint Vincent, Dominica na Grenada ni visiwa vya volkano, milima inaanzia majini, na nyumba za bei nafuu huwa juu. Kurudi na jua la mchana, umebeba maji na watoto wamechoka, ni dakika ishirini. Kuna nyumba Bequia niliyoipenda sana, barazani unaona ghuba yote na taa za mashua usiku, lakini mama yangu mwenye magoti mabovu nisingempeleka. Usiulize ni dakika ngapi. Uliza ngazi ni ngapi, na kama teksi inafika mlangoni au inakushushia barabarani.