Mwanao akipewa To Kill a Mockingbird shuleni, mwambie afuate umbea

Mtoto akifika darasa la nane au la tisa huku Marekani, kuna siku atarudi nyumbani na To Kill a Mockingbird kwenye begi. Riwaya hii ya Harper Lee ilitoka 1960, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, na walimu wengi wa huku wameing'ang'ania mpaka leo. Binti yangu alikuja nayo muhula uliopita. Darasani kwao watoto weusi wanahesabika, nami sikutaka akutane na mambo yale peke yake, kwa hiyo tukaisoma pamoja, usiku baada ya kuosha vyombo.

Jambo la haraka kabla hamjafungua ukurasa wa kwanza: mwandikie mwalimu, muulize lile tusi wanaloitiwa weusi litasomwaje darasani, maana limejaa humo. Mimi niliuliza, nikajibiwa kwamba wakisoma kwa sauti wataliruka. Barua fupi tu, lakini binti yangu aliingia darasani akijua kitakachotokea.

Sasa kitabu chenyewe. Wasomaji wengi wanakimbilia sura za kesi, wanampigia makofi Atticus Finch, wakili anayemtetea mshtakiwa mweusi, wanafunga. Ushauri wangu ni kwamba mfuate umbea tangu mwanzo. Kila mtu wa Maycomb, ule mji wa kubuni wa Alabama miaka ya 1930, akifungua mdomo kusema habari za mwenzake, simameni muulize: huyu kaona, au kaambiwa? Na aliyemwambia, yeye kaona?

Anzeni na Boo Radley, jirani wa kizungu asiyetoka nje. Kwa maelezo ya Jem, mtoto wa Atticus, Boo ana urefu wa futi sita na nusu, anakula kuchakuro na paka wabichi, mikono ina damu, uso una kovu, meno ya njano yameoza. Nani kamwona? Hakuna. Habari nyingi zinatoka kwa Miss Stephanie Crawford, mmbea wa mtaa, ambaye eti aliamka usiku akamkuta Boo anamchungulia dirishani. Jirani yao Miss Maudie alimuuliza kama alisogea kitandani ampishe nafasi. Hapo binti yangu alicheka mpaka akakohoa. Mwache mwanao naye acheke, maana umbea ni mtamu, na asipouonja utamu wake hataelewa kwa nini mji mzima unaula.

Halafu inakuja kesi ya Tom Robinson, kijana mweusi wa miaka 25 anayeshtakiwa kumbaka Mayella Ewell, msichana wa kizungu. Hapa nilimpa binti yangu karatasi, nikamwambia aandike kilichoonekana kwa macho tu. Mayella alipigwa zaidi upande wa kulia wa uso. Mpigaji akisimama mbele yako, upande huo unafikiwa kirahisi na mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom umepooza tangu utotoni, ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba. Baba yake Mayella, Bob Ewell, anaombwa aandike jina lake mbele ya mahakama, anaandika kwa kushoto. Daktari hakuitwa. Karatasi ya binti yangu ilikuwa imemaliza kesi, Tom hana hatia.

Na bado jopo la raia wazungu, wanaume watupu, likamtia hatiani. Kwa nini? Kwa sababu mji ulikuwa umeshamjua Tom kabla hajazaliwa. Atticus analisema wazi katika hotuba yake ya mwisho: mashahidi wale walitegemea ile dhana kwamba weusi wote ni waongo, wote hawana maadili, na hawaaminiki karibu na wanawake. Huo ni umbea uliovaa suti. Boo anasengenywa kama Boo, kwa jina lake na makosa yake ya kuzuliwa. Tom hasengenywi hata kwa jina, anabebeshwa maneno yaliyosemwa juu ya watu wote wa rangi yake. Na jibu lililommaliza ni la utu kabisa: alipoulizwa kwa nini alikuwa anamsaidia Mayella kazi bila malipo, alisema alimhurumia. Mweusi, amhurumie mzungu! Ukumbi ulichafuka palepale.

Msipite haraka sura ya 24. Akina mama wa kanisa wamekusanyika kwa chai nyumbani kwa akina Finch, wanasikitika kwa machozi juu ya Wamruna, watu maskini wa Afrika ambao mmisionari mmoja anawahudumia huko porini. Binti yangu akaniuliza, "Mama, hawa Wamruna ni wa nchi gani?" Nikamwambia hawako popote, mwandishi kawatunga. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hawa mama wanalia kwa ajili yetu." Ndiyo, wanatulilia sisi wa mbali, na papo hapo Bi Merriweather anamteta mfanyakazi wake mweusi, Sophy, kwamba tangu kesi ile amenuna. Mwafrika akisoma ukurasa huo anacheka kwa hasira. Kisha Atticus anaingia na habari kwamba Tom ameuawa gerezani kwa risasi akijaribu kutoroka, na tundu zilizokutwa mwilini ni 17. Mji unalizungumza siku mbili hivi, unasema ndivyo walivyo hao, unahamia mengine.

Linganisheni na Boo mwishoni. Anamuua Bob Ewell akiwaokoa watoto wa Finch, na Sherifu Heck Tate anaamua kuandika kwamba Ewell aliangukia kisu chake mwenyewe. Sababu yake? Hataki akina mama wa mji wamfuate Boo na keki. Sipingi uamuzi wake, maskini Boo asingeziweza keki zile. Lakini mwulize mwanao: umbea uleule, midomo ileile, kwa nini mmoja sheria inamfunika shuka na mwenzake inammiminia risasi? Hapo ndipo tulipobishana sana, na sikuona haja ya kumaliza ubishi.

Binti yangu alikuwa na lalamiko moja ambalo naliunga mkono. Helen, mjane wa Tom, anapewa maneno machache mno, na Calpurnia, mpishi aliyewalea watoto wale, hatujui analia wapi akiwa peke yake. Mtoto akilisema hilo msimkatishe kwa sababu kitabu ni maarufu. Mwambieni aliandike kwenye insha yake.

Na akisema hayo ni ya zamani, mpeni habari za kweli. Mwaka 1931 vijana tisa weusi walishtakiwa kuwabaka wanawake wawili wa kizungu kwenye treni huko Alabama. Kesi ilisikilizwa Scottsboro, na wanane walihukumiwa kifo ndani ya wiki chache. Baadaye mmoja wa wanawake wale, Ruby Bates, alikana mahakamani kwamba walibakwa. Halafu njooni karibu zaidi, Monroeville, mji aliokulia Harper Lee, ambako mahakama ya zamani sasa ni makumbusho yanayojivunia riwaya hiyo. Walter McMillian, mweusi wa eneo hilo, alikamatwa 1987 kwa mauaji, ingawa siku ya tukio watu kibao walikuwa naye nyumbani wakiuza samaki wa kukaanga kuchangia kanisa. Kabla ya hapo midomo ya watu ilikuwa imeshamshughulikia kwa uhusiano wake na mwanamke wa kizungu. Alihukumiwa kifo, na wakili Bryan Stevenson alihangaika mpaka akaachiwa huru 1993.

Filamu ya 1962, ile ya Gregory Peck, itazameni baada ya kumaliza kitabu. Ni nzuri, Peck alipata Oscar kwa kuigiza humo, lakini Alexandra, shangazi wa watoto wa Finch, hayumo kabisa, na ile chai ya akina mama imekatwa. Mtoto anayeanzia hapo atatoka na wakili shujaa, na Bi Merriweather hatamjua.