Mjomba, Kasuku Wangu Anataka Alizeti Tu

Mwezi huu barua zenu zimejaa maganda ya alizeti. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine nyingi niliziona ni hiyohiyo, zimebadilisha jina la ndege tu.

*Shikamoo Mjomba. Nina kasuku wa kijivu, ana miaka 6. Kila asubuhi namjazia bakuli la mbegu za mchanganyiko. Anachambua alizeti zote, zilizobaki anamwaga chini. Nikimpa karoti anaitazama kama nimemtukana, halafu anaitumbukiza kwenye maji ya kunywa. Juzi nikamnyima alizeti kutwa nzima. Akagoma, hakugusa kitu. Jioni nikamwonea huruma nikampa. Nimeshindwa? – Mfagia Maganda*

Marahaba, mwanangu. Hukushindwa, umemwokoa. Kasuku aliyelelewa kwa mbegu hajui kwamba karoti ni chakula. Kwake ni kijiti cha rangi. Anaweza kushinda na njaa mbele ya bakuli lililojaa mboga, na mwili wa ndege hauna akiba ya kuvumilia mgomo wa siku tatu. Kwa hiyo kumkomesha kwa njaa tusahau.

Lakini alizeti nayo tuiseme ukweli wake. Karibu nusu ya uzito wa kokwa yake ni mafuta. Kalsiamu imo kidogo, vitamini A ni kama haimo. Ndege wa porini hula mafuta akayamaliza kwa kuruka. Wako anatoka kwenye kijiti anakwenda kwenye bakuli, safari imekwisha. Mafuta yale yanakwenda kukaa kwenye ini na kwenye mishipa ya damu. Vitamini A ikikosekana, utando laini wa kinywani, puani na kwenye njia ya hewa unakakamaa, na vijidudu vinapata pa kupenyea.

Hili sikulisoma tu. Kasuku wangu wa kwanza nilimlisha alizeti na karanga, na nilijiona mfugaji hodari kwa kuwa bakuli halikukauka hata siku moja. Akaanza kupiga chafya. Nikasema ni baridi, nikasogeza tundu mbali na dirisha. Tundu moja la pua likaziba. Nilipompeleka kwa daktari wa ndege, alimfungua mdomo akanionyesha madoa meupe juu ya paa la kinywa, kisha akaniuliza anakula nini. Nikajibu kwa majivuno. Yule daktari akanyamaza, akaendelea kunitazama. Kile kimya nakikumbuka mpaka leo.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya mboga nunua mizani ya jikoni, ile inayosoma gramu mojamoja. Mpime kila asubuhi kabla hajala, baada ya kinyesi cha kwanza, uandike. Manyoya yanaficha mengi. Ndege anaweza kukonda sana wewe ukamwona yuleyule. Kama uzito wake ni gramu 450 na ukashuka hadi 405, hiyo ni sehemu ya kumi. Mrudishie mbegu zake siku hiyohiyo, umpigie daktari. Na kama ndege ni mgonjwa au mzee, anza na daktari kabla ya kubadili chochote.

Bakuli la mbegu lisikae ndani kutwa. Asubuhi, akiwa na njaa ya usiku, tangulia na mboga kwa saa moja hivi. Baadaye mpe mbegu kwa kipimo, uziondoe, jioni tena. Mboga usimpe vipande vikubwa vya kutupia. Zikate ndogo kama punje, uchanganye na mbegu zenyewe, ili mdomo ukitafuta alizeti ulazimike kupita kwenye karoti. Wengine hupenda jani zima lenye maji limening'inizwa, wanaoga nalo na kulichana, kumbe wanameza. Tena kula mbele yake. Kasuku ni ndege wa kundi, na kundi lake ni wewe: tafuna pilipili hoho huku unajisifia utamu wake, na usimpe mpaka aombe. Majirani watakushangaa.

Kadhi, kasuku niliye naye sasa (jina kapewa kwa ule uso wake wa kutoa hukumu), alichukua miezi miwili kukubali pilipili hoho, na alianza kwa kula mbegu za ndani akaacha nyama yake. Nilimwacha. Mguu mmoja mlangoni unatosha.

Unakotaka kufika ni hapa: zaidi ya nusu ya mlo iwe peleti za kasuku (chakula cha kiwandani kilichosagwa na kubanwa kuwa vipande vidogo), kwa sababu kila kipande kina virutubisho vilevile na hapati cha kuchambua; mboga ziwe kama robo; matunda, mbegu na kokwa zigawane kile kidogo kinachosalia. Peleti akizikataa, zilainishe kwa maji ya vuguvugu. Katika mboga tafuta rangi ya chungwa na kijani kilichokolea: karoti, boga, kiazi kitamu kilichochemshwa, brokoli, majani ya jamii ya kabichi. Mchicha na spinachi usimpe kila siku, vina oksalati inayoshika kalsiamu isimfikie. Kalsiamu kwa kasuku wa kijivu si jambo la mzaha. Ikishuka kwenye damu, ndege huyu anatetemeka, anaanguka kutoka kwenye kijiti, hata kifafa kinamshika. Jua nalo linamsaidia kuitumia, ila liwe jua lenyewe. Linalopita kwenye kioo cha dirisha limekwisha kuchujwa ile miale inayotengeneza vitamini D. Mtoe nje ndani ya tundu lake, na upande mmoja uwe na kivuli.

Chakula kibichi kikikaa saa mbili tatu, kitoe. Na hayo maji aliyotumbukiza karoti uyabadilishe.

(Wenye kasuku waitwao lori, si yale ya mizigo, msifuate haya. Wao hula nekta na chavua, ulimi wao una ncha kama brashi, na wana chakula chao.)

*Mjomba, kwetu tuko watu sita na kila mmoja ana chake cha kumpa kasuku: huyu lozi, huyu korosho, huyu biskuti. Anafurahi sana. Ila kifua kimekuwa kipana na akiruka anahema. Vitafunio vingapi kwa siku? – Dada Mkubwa*

Tufanye hesabu kwanza. Mtu wa kilo 70 ana uzito wa kasuku 155 wa gramu 450. Kwa hiyo lozi moja kwake ni kama lozi 155 kwako. Sasa zidisha kwa watu sita wenye mapenzi.

Kuhema baada ya kuruka kidogo ni jambo la kuonwa na daktari, hilo usilisubirishe. Nyumbani, teueni mtu mmoja wa kushika kopo. Kila asubuhi weka ndani yake vitafunio vyote vya siku: robo ya kokwa moja ya jozi, au lozi moja iliyovunjwa vipande vinane, na punje chache za komamanga. Anayetaka kumfurahisha achukue humo. Kopo likiisha, limeisha. Kwa kasuku mdogo wa gramu 35, lozi nzima ni karamu. Mpe kipande kama kichwa cha kiberiti.

Chagueni kile anachokipenda kuliko vyote, mkiondoe kabisa kwenye bakuli. Kiwe ujira: apate akipanda mkononi, akirudi tunduni bila ugomvi, akikubali kukatwa kucha. Kokwa inayopatikana bure saa zote haimfundishi kitu. Au ifungeni ndani ya karatasi isiyo na wino, muifiche kwenye kisanduku cha karatasi ngumu, aichimbue. Kasuku porini hushughulika na kutafuta chakula sehemu kubwa ya mchana. Wa ndani anamaliza kwa dakika kumi, halafu mnashangaa kwa nini anajinyofoa manyoya.

Biskuti acheni, ni sukari na chumvi tu. Badala yake kuna papai, embe, kipande cha boga, yai la kuchemsha mara moja kwa wiki. Mbegu zilizoloweshwa zikachipua kidogo ni nzuri sana, mradi zisuuzwe mara mbili tatu kwa siku, na zikinuka zitupwe. Karanga mimi siku hizi simpi. Zikihifadhiwa vibaya zinaota kuvu yenye sumukuvu, na sumu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ukitaka kumpa, ziwe zile safi za kuliwa na watu, zilizokaangwa bila chumvi.

Na huyo anayemlisha kutoka mdomoni mwake, maana katika sita hakosekani mmoja, aache. Mate yetu yana bakteria ambao ndege hawawezi.

*Mjomba, mtoto kampa kasuku parachichi kidogo. Tunda lenyewe si la afya? – Nina Wasiwasi*

Kwako ni la afya. Kwa kasuku ni sumu. Nyama yake, ganda, kokwa na hata majani ya mti yana persini, inayoumiza moyo wa ndege, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ukiwa unasoma hapa hujampigia daktari, weka gazeti chini upige. Mweleze kiasi alichokula na saa aliyokula. Usijaribu kumtapisha wala kumnywesha maziwa.

Pamoja na parachichi futeni chokoleti, kahawa, chai, pombe, vitunguu vya aina zote na vyakula vya chumvi. Tufaa anakula, mbegu zake toa. Kuna jambo jingine ambalo si chakula ila linatoka jikoni: vikaango vyenye utando usiogandisha chakula. Kikaango hicho kikipata moto kupita kiasi, moshi wake unaua ndege hata akiwa chumba cha pili, na wewe hunusi kitu. Kwangu jikoni ni sufuria za chuma tu, na tundu haliingii humo.

*Kasuku wetu anatafuna pilipili kali kama peremende. Tumzuie? – Macho Yanatuwasha*

Mwacheni ale. Kinachotuunguza ni kapsaisini, na vipokezi vya ndege haviipokei kama vyetu. Ladha ya moto haijui. Pilipili nyekundu ina vitamini A ya kutosha kuliko mbegu zote mlizonazo. Msimwachie tu awabusu baada ya mlo.

*Mjomba, leo kinyesi cha kasuku ni chekundu! Tena nimeanza kumtilia matone ya vitamini kwenye maji. Ndiyo yamemdhuru? – Sijalala*

Jana alikula nini? Kama ni komamanga au kiazisukari chekundu, umepata jibu. Rangi inapita ilivyo. Matunda mengi pia hufanya kinyesi kiwe na maji. Usimpe hayo kwa siku moja, tandika karatasi nyeupe chini ya tundu, uangalie. Ikibaki nyekundu kesho, ni damu mpaka daktari aseme vinginevyo, na hiyo karatasi nenda nayo.

Matone yatoe. Huwezi kujua amekunywa kiasi gani, vitamini zinaharibika ndani ya maji, bakteria wanazaliana humo, na maji yakibadilika ladha wengine wanaacha kunywa. Kama anakula peleti, vitamini za juu yake zinaweza hata kuzidi. Maji yawe maji, asubuhi na jioni mapya, na bakuli lisuguliwe mpaka ule utelezi wa chini uondoke.