Ridhaa ya nani?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: nafasi za mashindano ya Kenya Open wanazopewa wachezaji wa gofu wa ridhaa ziendelee kuwa zao, au waachiwe wachezaji wetu wa kulipwa wa hapa nyumbani? Swali limenigusa pabaya. Niliwahi kupata nafasi hiyo. Nilicheza raundi mbili, Alhamisi na Ijumaa, na tangu wakati huo sijamsimulia mtu yeyote mambo yote yaliyotokea.

Nianze na msimamo wangu: ziendelee. Open ilianza 1967 na hakuna Mkenya aliyewahi kuishinda. Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda 1978, Ian Woosnam wa Wales akashinda 1986. Mwenzetu aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, 1998, alipofungana na Ricardo González wa Argentina, wakaongezewa mashimo, na mgeni akaondoka na kombe. Tukitaka Mkenya ashinde, lazima azoee ule umati na zile kamba za kuwazuia watazamaji akiwa bado mdogo. Tena mchezaji wa ridhaa hali pesa ya mtu. Akipita mchujo, yaani akiwa kati ya 65 bora na waliofungana nao baada ya mashimo 36, zawadi ya nafasi yake inamshukia mchezaji wa kulipwa aliye chini yake. Yeye anarudi nyumbani na sifa.

Hivyo ndivyo nimekuwa nikiwajibu watu miaka yote. Sasa niwaeleze kuhusu kedi wangu, yaani mtu anayenibebea begi la fimbo na kunishauri uwanjani.

Namwita Mzee, na ndivyo nilivyomwita tangu nikiwa na miaka kumi. Baba alikuwa mpishi katika klabu moja hapa Nairobi, na shule zikifungwa nilishinda huko. Mzee ndiye aliyenionyesha kushika fimbo, nyuma ya banda la makedi, kwa mipira waliyoiopoa mtoni. Alinipanga vidole kimoja kimoja. Nilipoajiriwa nikaanza kuingia mashindano ya ridhaa ya kitaifa, nikakusanya pointi msimu mzima, na siku nilipopata barua ya Open nilimpigia Mzee kabla sijampigia mke wangu. Alinyamaza kidogo, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Sawa, kijana wangu. Nitakubebea." Tukapatana shilingi 3,000 kwa siku, kuanzia Jumanne ya mazoezi.

Twende moja kwa moja hadi Ijumaa, shimo la 17. Ubao ulionyesha kwamba nikimaliza nilivyokuwa, ninapita mchujo kwa mkwaju mmoja. Shimo lenyewe ni fupi, la mikwaju mitatu. Kijitabu cha vipimo kilisema mita 152 hadi kwenye bendera. Kwangu hiyo ni fimbo namba saba; namba ikipanda, mpira hauendi mbali sana. Hata mkeo akikuamsha usiku wa manane akakuuliza, utasema saba.

Mzee akasema, "Nane."

Nikamwonyesha kijitabu. Hakukiangalia. Alikuwa akitazama nyasi, kisha akanitazama mimi. "Ni saa saba mchana, joto limepanda," akasema. "Na damu yako imechemka. Leo utapiga mbali kuliko unavyopiga. Nane."

Anayecheza Nairobi anajua kwamba huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaenda mbali kuliko Mombasa. Lakini hilo la damu halimo kwenye kijitabu chochote. Linamo kwa mtu aliyebeba begi kwenye vilima hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Wenzangu wawili kwenye kundi, wote wa kulipwa kutoka Ulaya, walikuwa wakinisubiri. Niliona haya kubishana na kedi mbele yao. Kwa kawaida kedi ndiye anayekukabidhi fimbo. Siku hiyo niliingiza mkono kwenye begi nikaichomoa saba mwenyewe. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, akasimama na taulo lake begani.

Niliupiga vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma. Mpira uliipita bendera, ukaipita grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, ukazama kwenye nyasi za Kikuyu. Mwenye kuzijua anazijua: zinaishika fimbo shingoni kama mkono wa mtu. Nilipochapa mara ya kwanza mpira ulisogea kama urefu wa mguu. Mara ya pili ukapanda grini. Nikahitaji miwili kuuingiza. Jumla mitano.

Mzee akapiga goti. Akaziondoa zile nyasi zilizonasa kwenye chuma kwa ukucha wa kidole gumba, jani baada ya jani, akaipangusa fimbo kwa taulo lenye maji, akairudisha mahali pake. Akasema, "Twende, limebaki moja." Hakusema neno lingine, si pale, si langoni. Nilikosa mchujo kwa mkwaju mmoja. Nikamlipa 12,000 zake, nikaongeza 3,000, akanishukuru kwa mikono miwili.

Wiki moja hivi baadaye kedi mwingine aliniambia nisilolijua. Kabla sijapiga simu ile, mchezaji wetu mmoja wa kulipwa alikuwa amemwomba Mzee ambebee, na baada ya kuongea nami Mzee alimjibu kwamba hawezi, mtoto wake anacheza. Mchezaji huyo alipita mchujo. Alicheza hadi Jumapili akapata zawadi, na kama ilivyo desturi, kedi wake akapewa fungu lake. Wakati huo Mzee alikuwa na binti kidato cha tatu.

Tunaita mchezo wa ridhaa kwa sababu mchezaji ameridhia kucheza bila malipo. Mimi niliridhia, nina mshahara mwisho wa mwezi. Mtasema Mzee naye alikubali kwa hiari yake. Alikubali kwa mapenzi, na mimi sikumuuliza anaacha nini.

Nilianza barua hii nikitetea nafasi hizi. Sasa naona kila nafasi ina watu wawili, na sote tunamhesabu mmoja. Kwa hiyo mtu kama mimi, mwenye miaka 30 na kitu, mwenye kazi ya ofisini na asiye na nia ya kucheza kwa malipo, aachie wachezaji wa kulipwa. Sisemi kwamba barua ikija leo nitaikataa. Huenda nikaikubali. Lakini nitamuuliza kedi kwanza. Wala msiniambie kanuni za ridhaa hazigusiki: tangu 2022 zinaruhusu mchezaji kupokea zawadi ya pesa hadi dola 1,000. Waandaaji hawashindwi kutenga fungu la kedi wa mchezaji wa ridhaa anayepita mchujo. Huyo kedi yuko kazini.

Na kijana wa miaka 16 anayeota kucheza kwa malipo, huyo msimguse. Mpeni nafasi yake, na mumlipe kedi wake.