Matairi ya baiskeli kwa milima ya Maskati: tazama ubavu kabla ya kashata

Mkuu, umesema unahamia Maskati mwezi ujao kikazi, unakuja na baiskeli yako ya magurudumu ya inchi 29 yenye matairi ya upana wa inchi 2.25, na umeuliza uyabadilishe kwa yapi kwa sababu umesikia huku ni mchanga mtupu. Huu ni mwaka wangu wa sita naendesha huku, karibu kila Ijumaa alfajiri, kwa hiyo nitakueleza niliyoyapata mwenyewe.

Nianze na huo mchanga. Upo, lakini ule wa vilima vya jangwa uko Sharqiya, mwendo mrefu wa gari kutoka mjini. Ukizunguka Maskati yenyewe, upande wa Al Amerat, Yiti, mpaka kule As Sifah, utakachokanyaga ni mawe. Sehemu kubwa ya milima ya Hajar hapa ni sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa juu ya nchi kavu, mwamba wa rangi ya kahawia iliyoungua, na pembeni yake kuna mawe ya chokaa. Yote mawili yanapasuka vipande vyenye makali. Mchanga unaukuta ndani ya wadi, yale makorongo ambayo mvua ikinyesha yanajaa na siku nyingine zote ni makavu, na hata humo umechanganyika na kokoto.

Mimi nilikuja na mawazo kama yako. Nikanunua matairi mepesi, kashata fupi (vile vinundu vya raba vinavyoshika ardhi), nikijisifu baiskeli inaruka. Wiki ya tatu, nikiwa nyuma ya Al Amerat, jiwe lilipasua ubavu wa tairi la nyuma, mpasuko wa urefu wa kidole gumba. Pancha ya kwenye kashata unaiziba ukaendelea. Ubavu ukichanika, utambi wa kuzibia hautulii, kwa sababu pale tairi ni jembamba na linajikunja kila mzunguko. Nilikuwa na tyubu ya akiba, lakini nilipoijaza upepo ikachungulia nje ya ule mpasuko kama puto, na haikufika mbali. Nilisukuma baiskeli kilomita 9, saa nne asubuhi, mwezi wa Mei, na maji yaliniishia njiani. Mkuu, jua la huku la Mei si la kufanyia mchezo. Tangu siku hiyo, nikienda dukani, kitu cha kwanza ninachobonyeza kwa vidole ni ubavu.

Kwa hiyo angalia maandishi ya ubavuni. Kwa matairi ya kampuni ya Maxxis, EXO ndiyo kinga nyepesi ya ubavu, EXO+ inafuata, DoubleDown ni nzito zaidi. Kwa Schwalbe, kampuni nyingine ya matairi, mpangilio ni Super Ground, Super Trail, kisha Super Gravity. Kwa njia za huku mimi naweka EXO mbele na EXO+ nyuma, maana la nyuma ndilo linalobeba uzito na ndilo linalogongwa na mawe ambayo la mbele limeshayakwepa. Utaongeza gramu mia kadhaa kwa kila tairi, na kwenye mpando utazisikia. Zibebe tu.

Upana: 2.4 au 2.5 mbele, 2.4 nyuma. Ukiwa na ringi pana, milimita 30 kwa ndani, hata 2.6 inakaa vizuri. Tairi pana linakuruhusu kupunguza upepo bila ringi kugonga jiwe, na upepo ukipungua ndipo tairi linapolalia kokoto badala ya kuzirukia. Kashata za mbele ziwe ndefu, hasa za pembeni, ili zishike unapokata kona kwenye changarawe. Za nyuma zinaweza kuwa fupi kidogo. Mimi mbele nina tairi la Maxxis liitwalo Minion DHF, nyuma lenye kashata fupi zaidi. Na raba laini sana usiweke nyuma: mwamba huu ni kama msasa, utaikuta kipara kabla hujaizoea. Mbele sawa, pale unahitaji mshiko.

Sasa upepo, ambao naona watu wengi hawaupi uzito. Nilipoanza kuogopa miba nilijaza psi 40 (psi ni kipimo cha mkazo wa upepo) nikidhani tairi gumu halichomeki. Lilichomeka vilevile, na juu yake baiskeli ikawa inateleza kwenye mawe kama sabuni sakafuni. Leo, kwa uzito wangu wa kilo 78 bila tyubu ndani, naweka 21 mbele na 25 nyuma. Wewe anza hapo, kisha ongeza au punguza psi moja moja. Nunua geji ndogo ya mkononi, kwa sababu ya kwenye pampu kubwa haiaminiki sana kwenye vipimo vya chini. Kingine cha huku: ukijaza ndani ya nyumba yenye kiyoyozi cha nyuzi 22, ukitoka kwenye nyuzi 38, upepo unapanda karibu psi 2. Mimi napima nikishafika njiani.

Miba ni ya mgunga, wenyewe wanauita samur, na ya mkunazi. Matawi makavu yanasombwa na maji ya wadi na kufukiwa mchangani, huyaoni. Hii ndiyo sababu nakuambia usije na tyubu kabisa, isipokuwa ya akiba mgongoni. Weka gundi ya maji ndani ya tairi, mililita 100 au zaidi kidogo kila moja. Mwiba ukiingia na upepo hautoki, uache hapohapo mpaka nyumbani. Upepo ukisikika unatoka, ung'oe mwiba, geuza tundu liangalie chini, zungusha gurudumu, gundi itaziba. Lakini joto linaikausha. Kiangazi cha kwanza nilikaa miezi mitatu bila kuitazama, nikafungua tairi nikakuta utando mkavu kama ngozi ya maziwa, hakuna hata tone. Kuanzia Mei hadi Septemba naongeza kila baada ya wiki tano au sita.

Mfukoni beba tambi za kuzibia, pampu, na kipande cha ubavu wa tairi kuukuu chenye ukubwa wa kadi ya benki. Mpasuko ukitokea unakilaza kwa ndani, kati ya tairi na tyubu ya akiba, na tyubu haichungulii nje tena. Kipande hicho ningekuwa nacho siku ile nisingetembea.

Ukikuta mchanga mzito ndani ya wadi, tairi peke yake halitakuvusha. Shusha gia kabla hujaingia, rudi nyuma kidogo kwenye kiti, kanyaga mfululizo, na usilazimishe usukani. Uache gurudumu la mbele litafute njia. Vilima vya Sharqiya ni habari nyingine. Pale rafiki yangu anapita na baiskeli ya matairi ya inchi 4 yenye psi 6 hivi, na mimi na haya yangu huwa namsubiri barabarani.

Kabla hujanunua chochote, pima nafasi kwenye fremu na uma wa mbele. Tairi jipya likishajazwa libakize milimita 6 kila upande, maana kokoto ikikwama pale inakwangua fremu vibaya. Fremu nyingi zilizotoka na 2.25 zinakubali 2.4, si zote. Niandikie upana wa ringi kwa ndani na hiyo nafasi, nami nitakwambia kama 2.5 ya mbele itaingia. Hayo uliyonayo yaweke, yatakufaa kwa barabara ya ufukweni.