Madrid hadi Lisbon: ndege inachukua muda gani?

Dada, umeuliza kama tiketi yako ya Madrid kwenda Lisbon imekosewa, kwa kuwa inaonyesha kuondoka 10:00 na kufika 10:20. Haijakosewa. Ureno iko nyuma ya Hispania kwa saa moja, na kila muda kwenye tiketi huandikwa kwa saa za mji husika. Safari yenyewe ni kama saa moja na dakika ishirini, kwa umbali wa takriban kilomita 500 angani. Wakati wa kurudi utaona kinyume chake, kana kwamba umeruka zaidi ya saa mbili, kwa hiyo ukiwa na ndege ya kuunganisha Madrid piga hesabu hapo kwa makini sana.

Barabarani ni zaidi ya kilomita 600, basi hutumia saa nane hivi. Mimi ningepanda ndege. Angalia pia namba ya jengo lako la abiria (terminal) Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, maana T4, yaani jengo la nne, iko mbali na mengine na utahitaji basi la uwanjani, ambalo ni la bure. Lisbon ni rahisi: metro inafika uwanjani.