Maswali na Majibu: Kuchora Nembo kwa Alama za Adinkra

Barua za safari hii zinahusu adinkra, yaani alama ambazo Waakan wa Ghana na Côte d'Ivoire huzipiga chapa kwenye vitambaa, na jinsi vikundi vya harakati vinavyoweza kuzitumia katika nembo zao.

Swali: Kikundi chetu cha kutetea ardhi ya kijiji kimechagua ndege wa Sankofa. Tumeambiwa maana yake ni "mwacha mila ni mtumwa". Ni kweli?

Jibu: Kwa karibu tu. Sankofa ni maneno matatu ya Kiakan, rudi, nenda, chukua, na methali inayoambatana nayo husema kwamba ukisahau kitu, kurudi kukichukua si mwiko. Methali yetu humkemea aliyeacha. Ya Waakan humwondolea aibu aliyesahau na kumfungulia njia ya kurudi. Kwa watu wanaodai ardhi ambayo wazee wao waliitia sahihi bila kuelewa, naona hiyo ya pili inawafaa zaidi, ila ni lazima mjue kwamba ndiyo mnayoisema. Chukulieni mfano wa kanga: hakuna mwanamke anayemnunulia wifi yake kanga kwa kupendezwa na maua ya pindo bila kwanza kusoma jina lake. Kila alama ya adinkra ina jina na msemo wake, na kuichagua kwa umbo peke yake ni kuvaa kanga usiyoisoma.

Alama hii ina sura mbili. Ya kwanza ni ndege aliyegeuza shingo kuchukua yai lililo mgongoni. Ya pili inafanana na moyo wenye mikunjo ndani na juu. Makaburi ya kale ya Waafrika mjini New York yalipofukuliwa kuanzia mwaka 1991, lilipatikana jeneza ambalo misumari yake ilipangwa kwa umbo la moyo, na wengi walilisoma umbo hilo kuwa Sankofa. Wapo wanahistoria wanaopinga usomaji huo, kwa hiyo msiuandike katika maelezo ya nembo kana kwamba umethibitika.

Swali: Sisi ni muungano wa vyama vitano vidogo na tumependa mamba wawili wenye tumbo moja. Unaionaje?

Jibu: Alama hiyo huitwa Funtunfunefu Denkyemfunefu, na watu wengi huieleza kuwa ni umoja. Msemo wake, hata hivyo, unaanza na ugomvi: mamba hao wanagombania chakula ilhali kila tonge, lipite koo lipi, linaishia tumboni mwao wote. Mkiiweka juu ya bendera mnakiri hadharani kwamba mnagombana. Mimi ningeona huo ni ujasiri wa kupendeza, lakini mwenyekiti wenu asije akashangaa Mghana akicheka. Mkitaka umoja usio na kijembe, upo mnyororo, Nkonsonkonson.

Swali: Je, Gye Nyame inafaa kwa harakati ya haki za wafanyakazi?

Jibu: Maana yake ni "isipokuwa Mungu". Ni tamko la imani. Waulizeni wanachama wenu kwanza.

Swali: Tunahitaji ruhusa ya mtu yeyote?

Jibu: Sheria ya hakimiliki ya Ghana ya mwaka 2005 inaitaja michoro ya kente (kitambaa cha kufumwa cha Ghana) na adinkra ambayo mbunifu wake hajulikani kuwa ni sehemu ya sanaa za jadi za taifa, na haki zake zimewekwa mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Mkifanya kazi ndani ya Ghana, ulizeni Bodi ya Taifa ya Sanaa za Jadi kabla ya kuchapa chochote. Nje ya Ghana, jambo ninalowasihi ni msisajili alama tupu kama alama yenu ya biashara. Sajilini mchoro wenu mzima pamoja na jina la kikundi, ili mwingine asizuiwe kutumia kitu ambacho hamkukibuni.

Swali: Tumepanga rangi nyekundu na nyeusi. Pia mchoraji anasema ndege haonekani vizuri akiwa mdogo.

Jibu: Nyekundu na nyeusi ni rangi za msiba kwa Waakan, na kitambaa cha adinkra chenyewe kilivaliwa zaidi mazikoni. Kama harakati yenu inawakumbuka waliouawa, rangi hizo zimetulia mahali pake.

Kuhusu udogo, jifunzeni kwa mafundi wanaochapa adinkra huko Ntonso, karibu na mji wa Kumasi nchini Ghana. Muhuri wao ni kipande cha kibuyu kilichochongwa na kufungwa vijiti vya kushikia. Wino hutokana na magome ya mti yanayotwangwa na kuchemshwa mpaka yawe mazito kama lami. Mstari mwembamba hauchongeki kwenye kibuyu, na kama ungechongeka, wino huo ungeuziba, ndiyo maana alama za zamani ni nene na za rangi moja. Mwambieni mchoraji aondoe manyoya na vivuli vyote, kisha achape nembo kwa upana wa sentimita 1 kwa wino mweusi. Yai likigeuka doa, alikuze, au achukue ile Sankofa ya umbo la moyo, ambayo haina yai la kupotea.